Dresa na Chumvi ya Haluli

Jina lake nalijua, lakini nikilitaja nitakuwa kama namzungumzia mtu mwingine, maana pale shambani hakuna aliyelitumia. Meneja alimwita Dresa, kwa kazi yake ya kufunga vidonda na kutoa dawa, nyapara alimwita Dresa, na sisi wachumaji kahawa tulimwita Dresa hata tulipokuwa tumemkasirikia, jambo ambalo lilitokea mara nyingi. Kwao ni wapi na baba yake ni nani, hayo waulizwe wengine. Mimi nina jambo moja juu yake ambalo limekataa kutulia ndani yangu. Yeye ndiye aliyekaribia kumuua mume wangu, na yeye ndiye aliyemwokoa, na mpaka leo sijui niyaweke vipi haya mawili.

Alikuwa kiguu na njia. Dispensari yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati kando ya laini, zile safu za vibanda tulizokaa sisi wafanyakazi, katika shamba moja la kahawa upande wa Gatongora, na chumba hicho kilikuwa na stuli nzuri ambayo sikumwona akiikalia hata siku moja. Ukienda na kidonda mguuni, alizungusha bendeji mara moja, akaenda dirishani kuchungulia nje, akarudi akazungusha tena. Alikula akiwa amesimama. Kanisani alisimama nyuma karibu na mlango na kuimba kwa sauti ya kutikisa madirisha, na mchungaji akirefusha mahubiri, Dresa alitoka nje akaanza kulizunguka kanisa. Tulikuwa tukiona kichwa chake kikipita dirisha hili, halafu lile, halafu lile jingine, na sisi wanawake tukijifunika mashuka midomoni tusicheke mbele ya Mungu. Siku moja nilimuuliza kwa nini hawezi kutulia.

"Nikikaa nafikiri, Mama Njeri," alisema. "Na mimi nikifikiri naharibika."

Njeri ni binti yangu wa kwanza. Ndiyo maana mimi nilikuwa Mama Njeri na mume wangu Baba Njeri, na hivyo ndivyo tulivyoitwa na kila mtu.

Usafi wake ulikuwa wa kuudhi. Kaptura yake ya kaki ilipigwa pasi ikasimama yenyewe. Mama akileta mtoto mwenye kikohozi, Dresa alitazama kucha za mama kwanza, na zikiwa na udongo alimrudisha nyumbani akanawe, kana kwamba mtu anayetoka kuchuma kahawa angekuwa na kucha za bibi harusi. Na huku akitufukuza sisi kwa sababu ya udongo, chini ya meza yake ya dawa alikuwa anamlaza mbwa mzee mwenye upele ambaye hakuna aliyejua alitoka wapi. Ukimtajia mbwa, alikuwa anageuza maneno. Alikuwa pia mwoga wa sindano kuliko mtoto yeyote. Walipokuja watu wa chanjo kutoka Thika, alitupanga wote foleni, akatukemea, akamvuta mzee mmoja kwa mkono wa kabuti. Zamu yake ilipofika hakuonekana. Nyapara alimkuta nyuma ya choo akitazama mawingu, na ikabidi wanaume wawili wamsindikize. Alidungwa macho yamefungwa, na jasho likamtoka mpaka shingoni.

Alipenda umbea, nisimsingizie utakatifu. Habari za Ruiru zilifika kwetu kwa baiskeli yake: nani ameoa, nani amenyimwa kibali cha kutembea, duka gani limeuzwa kwa Mhindi mwingine. Zile zilikuwa siku za Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, na Mkikuyu alikuwa hawezi kutoka shambani bila karatasi ya meneja. Dresa, kwa kuwa hakuwa Mkikuyu, alikwenda na kurudi alivyotaka. Alituletea hata sindano za kushonea na sabuni. Lakini ukimpa siri yako ya ugonjwa ilikuwa imefika kaburini. Sikuwahi kusikia tumbo la mtu likisimuliwa na Dresa.

Sasa nifike kwenye hiyo chumvi.

Pale shambani kulikuwa na desturi, na haikuanza na yeye. Asubuhi majina yakiitwa, mtu akisema anaumwa tumbo, alipelekwa dispensari na nyapara mwenyewe. Huko alipewa kikombe cha haluli, ile chumvi nyeupe chungu ya kuendesha tumbo, na alitakiwa aimalize hapohapo, nyapara na Dresa wakimtazama. Nia ilikuwa kuwanasa wavivu. Mtu mzima anayetaka kulala tu nyumbani hatakubali kushinda siku nzima kwenye mlango wa choo. Dresa alikuwa na msemo wake wakati wa kutoa kikombe, "Fungua mdomo, funga maneno," na sisi tulikuwa tukimwiga nyumbani tukiwalisha watoto.

Na tusijifanye kwamba tulionewa tu. Sisi wenyewe tulikuwa tumeiamini. Mtu aliyeumwa kichwa aliomba haluli. Mwanamke aliyekosana na mumewe aliomba haluli. Dresa aliyekuwepo kabla yake hakusifiwa sana kwa sababu chumvi yake ilikuwa hafifu, lakini ya huyu ilikuwa inasafisha, na watu walizisimulia safari zao za chooni kama watu waliotoka vitani. Mama mkwe wangu, ambaye sisi tulimwita Maitu kama mtu anavyomwita mama yake, alikuwa anakuja kila baada ya muda kuomba kikombe chake bila kuumwa chochote. Alisema damu yake inakuwa nyepesi.

Baba Njeri hakuwa mvivu. Hata nyapara alilijua hilo. Alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kumenya kahawa, na wakati wa mavuno alikuwa mtu wa mwisho kutoka. Asubuhi ile alisema maumivu yalianzia kitovuni na sasa yamehamia chini, upande wa kulia. Alitembea amejikunja, mkono umeshika nyonga. Nilimfuata mpaka dispensari na kikapu changu kiunoni, nikasimama nje ya mlango, na ndiyo maana haya niliyaona mwenyewe. Dresa alimlaza mezani. Akaweka mkono tumboni, upande ule wa kulia, akabonyeza na kuachia ghafla, na Baba Njeri akapiga kelele. Mkono wa Dresa ukabaki pale. Akaenda dirishani. Akarudi, akauweka tena. Akaenda tena dirishani. Nyapara akamwambia, "Dresa, watu wanangoja." Basi akachanganya haluli akampa, na ile "fungua mdomo" yake hakuisema. Nilidhani ni ule mhangaiko wake wa kila siku.

Chumvi ilifanya kazi yake, tena kwa nguvu. Jioni, baada ya mateso ambayo sitayaeleza, Baba Njeri alinyooka kitandani akasema, "Imepoa." Maumivu yalikuwa yamekatika ghafla. Tulifurahi. Maitu alimshukuru Mungu kwanza na haluli baadaye kidogo.

Asubuhi mume wangu alikuwa anawaka moto. Midomo ilikuwa imekauka, macho yameingia ndani, na tumbo upande wa kulia lilikuwa limekakamaa kama ubao. Alitapika kitu cha kijani. Nilikuwa nimeshika mlango, sijui niende kwa nani, nikaona baiskeli ya Dresa inakuja mbio kwenye laini yetu. Hakuna mtu aliyekuwa amemwita. Hilo nililikumbuka kwa miaka.

"Ako wapi?"

"Ako ndani. Jana jioni ilikuwa imepoa kabisa, Dresa, halafu leo..."

"Imepoa? Imepoa namna gani? Polepole ama mara moja?"

"Mara moja."

"Ngai," akasema, yeye ambaye hakuwa Mkikuyu, na Mungu wetu hakuwahi kumwita kwa lugha yetu. "Kidole tumbo imepasuka."

Alimweleza Maitu kwa haraka kwamba tumboni kuna kijikia kidogo cha utumbo, kikivimba kinajaa usaha, na kikipasuka mtu anaweza kusikia nafuu ya uongo, kisha usaha unamwagika ndani. Maitu aliuliza kama haluli nyingine ingeutoa huo usaha. Dresa alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi, akatoka nje.

Yaliyofuata aliyafanya kwa kukimbia. Alichukua karatasi ya kibali kwa meneja, sijui kwa maneno gani. Alisimamisha lori la shamba lililokuwa linapeleka kahawa Thika. Dereva alitaka mgonjwa alazwe chali juu ya magunia, Dresa akakataa kabisa, akampanga Baba Njeri akiwa ameketi nusu, mgongo kwenye magunia na magoti yamekunjwa. "Akilala usaha itapanda juu," alisema. "Ikae chini, ikae chini hapo." Barabara ilikuwa mashimo matupu. Kila lori liliporuka Dresa alimkumbatia mume wangu kwa mikono yote miwili asitikisike, na mimi nilikuwa nimeshika miguu, nikiomba, na nikimchukia dereva.

Hospitalini Thika alikuwepo daktari Mhindi, mtu mfupi, mchovu, mwenye sauti ya chini. Alibonyeza, akasikiliza tumbo kwa muda mrefu, akauliza, "Alikunywa nini?"

"Haluli," Dresa akasema.

"Nani alimpa?"

"Dispensari."

Alisema dispensari, kana kwamba dispensari ina mikono. Daktari alitueleza kwamba ziko njia mbili. Ya kwanza ni kumpasua sasa hivi, kutoa kile kidole na kuosha tumbo. Lakini mgonjwa amekauka maji, amedhoofika, na dawa ya usingizi yenyewe inaweza kumchukua mezani. Ya pili ni kungoja. Asile kitu, asinywe kitu, aketishwe vilevile alivyokuja, apewe maji kwa mshipa na penisilini kwa sindano. Daktari alikuwa amegusa uvimbe upande wa kulia, na pengine mwili umeanza kujenga ukuta kuuzunguka usaha. Ukuta ukishika, usaha utakusanyika pamoja, naye atatoboa tundu dogo na kuutoa kwa mpira. Usiposhika, usaha utaenea tumbo zima.

"Mimi naona tungoje," alisema. "Lakini mapigo ya moyo yakipanda, tumbo lote likikakamaa, napasua palepale."

Nilimvuta Dresa kando. Nilimwuliza angekuwa yeye angechagua ipi. Alikuwa anakwenda huku na huku kwenye ukumbi, na mimi nikimfuata kama kifaranga.

"Usiniulize mimi, Mama Njeri."

"Nitamwuliza nani? Hapa najua wewe peke yako."

"Nimeona watu wamepona na hii, na wamepona na ile. Na nimeona..." Akageuka upande mwingine. "Tungoje. Daktari ameshika hiyo tumbo, mimi nimeishika. Tungoje."

Kungoja ni kazi mbaya kuliko kulima. Ukipasuliwa, mtu anafanya kitu, hata kama ni kitu cha kuogofya. Sisi tulikuwa tunatazama tu chupa ikidondosha maji na muuguzi akihesabu mapigo, na kila alipokunja uso roho yangu iliruka. Baba Njeri aliomba maji kwa sauti ya mtoto. Nililowesha kitambaa nikampaka midomoni, basi. Dresa alikuwa amepewa ruhusa ya asubuhi moja tu, lakini kila siku alionekana, mara amedandia lori, mara amekuja kwa baiskeli kutoka Ruiru, na safari hiyo si ya mzaha. Alikuwa anafika, anabonyeza tumbo kidogo kwa vidole viwili, anazunguka hospitali nje, anarudi anabonyeza tena, mpaka muuguzi akamfukuza.

Halafu Maitu akapata kibali chake akaja na uji.

Kwetu mgonjwa haachwi bila uji. Nani anamtembelea mgonjwa mikono mitupu? Alikuwa ameuficha kwenye kibuyu chini ya shuka, uji wa wimbi uliochachuka vizuri, na alikuwa amekwishafika kitandani Dresa alipomwona.

"Mama, hapana. Hii itamwua."

"Itamwua uji? Mimi nimemlea na uji! Nyinyi ndio mnamwua na njaa!"

"Mama, utumbo yake imelala. Ukiweka kitu ndani itaamka, na ile ukuta itabomoka. Mngoje kidogo."

"Toka hapa. Wewe ni nani kwa mtoto wangu?"

Baba Njeri alikuwa ameshanyoosha mkono. Niliuona ule mkono, mwembamba, unaelekea kibuyu, na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, moyo wangu ulikuwa upande wa uji. Dresa alikichukua kibuyu mikononi mwa Maitu, akakinywa chote akiwa amesimama pale katikati ya wagonjwa, bila kupumua, akafuta mdomo, akakirudisha.

"Sasa imekwisha," alisema. "Kesho lete ingine, nitakunywa."

Wodi nzima ilicheka. Maitu alimlaani kwa Kikuyu, laana ndefu ya ukoo mzima. Lakini kesho yake alileta kingine, na Dresa akanywa, na keshokutwa, mpaka ikawa mazoea, na siku aliyochelewa Maitu aliuliza yule mwendawazimu wa uji yuko wapi.

Ukuta ulishika. Homa ilikuwa inapanda na kushuka, kisha uvimbe ukajikusanya, ukaonekana hata kwa macho, na daktari akatoboa. Usaha ulitoka kwa mpira kwa siku nyingi, na harufu yake sitaisahau, lakini mimi kwangu ilikuwa harufu ya kuishi. Mume wangu alirudi nyumbani amebaki mifupa na macho. Daktari alisema arudi baada ya miezi mitatu, tumbo likiwa limetulia, kile kidole chenyewe kitolewe kisije kikavimba tena. Baba Njeri alikataa. Alisema kitu ambacho hakimuumi hakimdai. Dresa alimwandama. Alimngojea nje ya kanisa, kwenye mashine ya kahawa, hata alipokuwa akioga alimsemesha kupitia ukuta wa mabati. "Kidole bado iko ndani, Baba Njeri." Mwishowe alikwenda, nafikiri ili tu apate amani, na kikatolewa salama.

Baada ya hapo Dresa hakumpa mtu haluli kabla ya kumbonyeza tumbo, na wenye tumbo gumu aliwapeleka Thika. Nyapara alilalamika kwamba wavivu wamezidi. Maneno yalifika kwa meneja. Sisi wakati huo tulikuwa tumemfanya Dresa mtu wa nyumbani. Kila Krismasi nilimpelekea kuku na mayai, na Maitu, kabla hajafa, alimwita "mwanangu". Nilikuwa nawaambia watu, huyu ni mtu wa Mungu, alikuja kwangu asubuhi ile bila kuitwa.

Hali ya Hatari ilipokuwa inakwisha aliachishwa kazi. Alikuja kutuaga mchana mmoja, sanduku limefungwa nyuma ya baiskeli, treni inamngoja Ruiru. Mimi nilikuwa nje nikichambua maharagwe, Baba Njeri yuko ndani amepumzika. Dresa hakusalimia vizuri. Alizunguka ua wangu mara mbili, kuku wakimkimbia.

"Mama Njeri, ile siku nilimpa chumvi."

"Ilikuwa desturi, Dresa. Ungejuaje?"

"Nilijua."

Niliendelea kuchambua. Nilifikiri sijasikia.

"Nilimbonyeza nikajua ni kidole tumbo. Nilifundishwa hiyo, na nilifundishwa hapana chumvi. Nyapara alikuwa hapo mlangoni, na asubuhi hiyo ilikuwa imejaa watu wa tumbo, na meneja alikuwa ameniambia nikiachia mwingine bila chumvi nitafute kazi ingine. Nikafikiri labda nimekosea. Nikampa. Usiku sikulala. Ndiyo maana nilikuja."

Maharagwe yalikuwa mapajani mwangu na sikuweza kuinuka. Mambo mengi yalinijia kwa pamoja: ule mkono uliobaki tumboni, dirisha, lile neno dispensari. Nilisikia hasira ikinipanda mpaka masikio yakaziba.

"Na kama angekufa," nikasema, "ungeniambia?"

Alifikiri. Alisimama bila kutikisika kabisa. Sikuwahi kumwona hivyo.

"Hapana," akasema. "Singekuambia."

"Ingia ndani ukamwambie mwenyewe."

Aliingia. Niliwasikia wakizungumza kwa sauti za chini, nami nikafikiri nimpelekee Baba Njeri panga au nimnyang'anye lililoko. Halafu nikamsikia mume wangu akiita, "Mama Njeri! Tuletee chai." Vikombe viwili, alisema. Nilipika. Niliwapa. Walikunywa wakizungumza habari za mashine ya kahawa, na mume wangu alikuwa amemsamehe, waziwazi, bila hata kuniangalia. Ilikuwa haki yake. Tumbo lilikuwa lake.

Dresa alipotoka aliweka mkono kwenye usukani wa baiskeli, hakupanda.

"Na wewe, Mama Njeri?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilitafuta lile neno na sikulipata popote.

"Mimi bado, Dresa."

"Ni sawa," akasema. "Hata mimi ningekuwa wewe, ningekuwa bado."

Akaisukuma baiskeli akitembea mpaka mwisho wa laini, akielekea Ruiru.